Rangi za Oktoba: Mti Gani Upandwe Uani?

Kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Novemba, misitu ya kaskazini na mashariki mwa Marekani hubadilika sura. Milima ya Vermont huwa ya rangi ya chungwa, vinamasi vya Maine huzungukwa na wekundu, na mitaa ya Ohio hujaa manjano. Watu husafiri mbali kwenda kutazama tu, kisha hurudi makwao. Lakini mwenye nyumba, ambaye zamani alikuwa Kigoma, Bukavu au Mombasa na leo ana hati ya kiwanja chake huko Lewiston, Columbus au Minneapolis, hana haja ya kusafiri. Ana ua wa nyasi tupu mbele ya dirisha, na ana swali la haki kabisa: nipande mti gani na mimi nizipate rangi hizo nyumbani?

Jibu liko tayari kwenye kila kitalu cha miche: panda mepo mwekundu. Mepo ndio mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na ule mwekundu ni kipenzi cha wauzaji kwa sababu unakua haraka, hauchagui sana mahali, na Oktoba unajitangaza wenyewe. Jibu hilo halina uongo ndani yake. Kasoro yake ni kwamba jirani wa kulia alipewa jibu hilohilo, wa kushoto vilevile, na aliyejenga nyumba za ng'ambo ya barabara akapanda mmoja mbele ya kila mlango. Ninachodai hapa ni kwamba anayechagua mti kwa rangi peke yake anaanzia mwisho. Aangalie kwanza mtaa wake una miti gani, kisha udongo wake ukoje, kisha nafasi aliyonayo ni ipi, ndipo aulize rangi. Akifuata mpangilio huo rangi haitamkosa, na huenda akapata nzuri kuliko ya jirani.

Tuanze na mtaa, maana ndipo miji ya Marekani ilipolipia somo kwa bei kubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji mingi ilipandwa elmu, mti mrefu ambao matawi yake hukutana juu ya barabara yakawa kama dari. Mwaka 1930 ugonjwa wa ukungu unaobebwa na mbawakavu ulionekana Ohio, ukahama mji hadi mji. Minneapolis na St. Paul zilipoteza elmu kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970. Mameya wakatafuta mti wa kuziba pengo: mgumu, wa bei nafuu, unaovumilia baridi na vumbi la barabarani. Wakachagua eshi, wenye manjano ya kupendeza na, kwa baadhi ya aina zake, zambarau. Wakaupanda kama walivyopanda elmu, safu kwa safu. Mwaka 2002 mdudu mdogo wa kijani kutoka Asia aligunduliwa karibu na Detroit. Funza wake hula chini ya gome, wakaukata mfereji wa maji na chakula mpaka mti unakauka. Alifika Ohio mwaka 2003, Minnesota 2009, Maine na Vermont 2018. Eshi zilizokufa zinahesabiwa kwa makumi ya mamilioni.

Nadhani msomaji ameshaona tunakoelekea. Pengo la eshi sasa linazibwa na mepo, na mdudu wa mepo ameshaingia nchini. Ni mbawakavu mweusi mwenye madoa meupe na vipapasio virefu, naye pia katoka Asia, na mepo ndio mti aupendao kuliko mingine. Alionekana Brooklyn mwaka 1996. Mwaka 2008 akapatikana Worcester, Massachusetts, na kumzuia huko kumegharimu miti zaidi ya 30,000 iliyokatwa. Mitaa mizima ikabaki bila kivuli. Mwaka 2011 akaonekana kusini-magharibi mwa Ohio. Hajaenea kama yule wa eshi kwa sababu haruki mbali na wataalamu walimwahi, lakini hakuna anayeweza kuweka dhamana kwamba atawahiwa kila mara.

Mtaalamu wa miti Frank Santamour alikwisha kutoa kanuni yake mwaka 1990: katika mji mmoja, spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja isizidi asilimia 20, na familia moja isizidi asilimia 30. Manispaa inaweza kuifuata kwenye miti ya kando ya barabara na ya bustani za umma. Uani kwa watu hakuna anayepanga ila mwenye ua. Basi hesabu ya kwanza ifanyike kwa miguu: Oktoba, jioni moja, zunguka mitaa miwili mitatu jirani na nyumbani kwako. Ukiona mepo ndio unaotawala, mti wako usiwe mepo, hata kama kitalu kimeupunguzia bei.

Udongo na nafasi tutavifikia; kwanza tuielewe rangi yenyewe. Kijani cha jani kinatokana na klorofili, kemikali inayonasa mwanga wa jua ili mti ujitengenezee chakula. Klorofili huharibika na kutengenezwa upya majira yote ya joto. Siku zinapofupika, mti huacha kuifidia. Naitrojeni iliyomo ndani ya jani huvunjwavunjwa na kurudishwa kwenye matawi na mizizi iwe akiba ya mwaka ujao, na kijani kikiondoka, manjano yaliyokuwa yamefunikwa yanajitokeza. Hayo ni ya karotenoidi, kundi lilelile la kemikali linaloyapa rangi karoti, papai na mafuta ya mawese. Ndiyo maana ginko na aspeni hazimwangushi mtu mwaka wowote: manjano yao yamo ndani tangu Mei, yanangoja kufunuliwa.

Wekundu ni habari nyingine kabisa. Unatokana na anthosianini, ambazo kwa miti mingi hazikuwemo kwenye jani wakati wa joto. Mti huzitengeneza jani likiwa linaelekea kufa, kwa kutumia sukari iliyobaki ndani yake. Mtu wa pwani anazijua hata kama hajawahi kusikia jina lake, kwa kuwa ndizo zinazolitia rangi jani changa la mwembe, lile linalotoka likiwa jekundu-hudhurungi kabla ya kuwa kijani, na ndizo zilizomo kwenye juisi ya choya. Mkungu wa ufukweni nao hugeuza majani yake mekundu kabla ya kuyaangusha, pale Tanga au Lamu ambako barafu haijawahi kuonekana ila kwenye jokofu. Kwa hiyo dhana ya kwamba baridi ndiyo inayopaka majani rangi haina mashiko. Baridi ya usiku inasaidia tu kuikwamisha sukari ndani ya jani, na jua la mchana linaizidisha.

Lakini kwa nini mti ugharimie kupaka rangi kitu unachokitupa wiki ijayo? Swali hili limewagawa wanasayansi, nami nalipenda kwa sababu mmoja wao ana uhusiano na nchi zetu. William Hamilton, mwanabiolojia wa Uingereza, pamoja na mwenzake Sam Brown, walilinganisha spishi 262 za miti wakaona kwamba zile zenye rangi kali zaidi ndizo zinazoandamwa na aina nyingi za vidukari. Hoja yao ilikuwa kwamba rangi ni onyo: mti wenye nguvu unamwambia mdudu anayetafuta pa kutaga mayai aende kwingine. Makala yao ilichapishwa mwaka 2001 bila Hamilton kuiona. Mwanzoni mwa mwaka 2000 alikuwa amekwenda Kongo kuchunguza chimbuko la virusi vya UKIMWI, akaugua malaria, akafariki London mwezi Machi.

Upande wa pili wanasema wekundu ni kivuli cha jani. Klorofili ikiwa inabomolewa, mwanga mkali unaliumiza jani kabla halijamaliza kurudisha naitrojeni shinani. Anthosianini huupunguza mwanga huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha mwaka 2003 kwamba mimea isiyoweza kutengeneza wekundu iliokoa naitrojeni kidogo kuliko ndugu zake zinazoweza. Mimi naegemea upande huu, kwa sababu unaeleza jambo ambalo kila mwenye ua anaweza kulithibitisha bila maabara: upande wa mti unaopigwa na jua huwa mwekundu, na ule wa kivulini hubaki na manjano hafifu. Hapo kuna agizo la kwanza la upandaji. Mti wa rangi nyekundu ukipandwa nyuma ya nyumba, upande wa kaskazini usiofikiwa na jua, utaishi vizuri na utakunyima ulichoupandia.

Kuna mambo mawili ambayo mpandaji anayamudu, mahali na asili ya mche. La tatu, hali ya hewa, halimudu mtu. Mwaka mzuri ni ule wenye mvua ya kutosha wakati wa joto, ukifuatwa na siku kavu za jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha. Ukame huangusha majani mapema. Mawingu na joto la kuchelewa hufifisha wekundu. Baridi ya kugandisha ikija ghafla mwanzoni mwa Oktoba, majani hufa yakiwa hudhurungi kwa usiku mmoja. Anayeahidiwa moto mwekundu kila mwaka anadanganywa.

Asili ya mche inahitaji macho zaidi. Mepo mwekundu uliooteshwa kwa mbegu ni bahati nasibu: ndugu wa mti mmoja wanaweza kuwa mmoja damu ya mzee, mwingine manjano, mwingine kati ya hapo. Ndiyo sababu vitalu huuza miche iliyotokana na vipandikizi au iliyobebeshwa, yenye jina la aina yake kwenye kibandiko, kama 'October Glory'. Jina hilo lina maana, kwa kuwa miti yote inayolibeba ni nakala ya mti mmoja. Asiyetaka kutegemea kibandiko aende kitaluni Oktoba aone mwenyewe. Ila ajihadhari na mche uliogeuka mwekundu Agosti ukiwa bado ndani ya chungu. Huo una kiu, au mizizi yake imejisokota ikakosa pa kwenda. Hata mti mkubwa ukianza wekundu wiki tatu kabla ya wenzake, tena upande mmoja tu, mwaka baada ya mwaka, wapita njia wataupiga picha, lakini mara nyingi kuna mzizi chini ya udongo unaolinyonga shina.

Sasa tuitaje miti. Sitaitaja yote, wala sitaigawia yote maneno sawa, kwa sababu haistahili sawa.

Mepo wa sukari ndio unaozipa Vermont na Maine ile rangi ya chungwa inayoonekana kama imewashwa kutoka ndani. Utomvu wake hukusanywa mwishoni mwa majira ya baridi na kuchemshwa kuwa asali ya mepo; lita moja hutoka katika lita zipatazo 40 za utomvu. Ni mti wa shamba na mlima. Unataka udongo mwingi usiotuamisha maji, unachukia udongo ulioshindiliwa na magari ya ujenzi, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huuchoma taratibu. Mwenye ekari moja nje ya mji aupande bila wasiwasi. Mwenye kiwanja cha kona, ambako gari la theluji hurusha maji ya chumvi kila Januari, atausikitikia.

Kuna mepo chotara unaouzwa kwa jina la Autumn Blaze, uliochaguliwa Ohio na Glenn Jeffers kutoka mchanganyiko wa mepo mwekundu na mepo wa fedha. Unakua upesi mno na rangi yake haina ubishi. Mzazi wake wa fedha, hata hivyo, aliurithisha matawi yanayotoka shinani kwa pembe nyembamba na kuchanika kwenye dhoruba yasipopogolewa mti ukiwa mdogo. Umeshapandwa kupita kiasi. Sina ugomvi na mti wenyewe. Nina ugomvi na kuuona kila mlango.

Tupelo mweusi ndio ningeutangulizia mwenye ua wa kawaida. Kwa jina la kisayansi ni Nyssa sylvatica, na ni vizuri kulishika jina hilo, kwa sababu majina ya mtaani hubadilika kutoka kitalu hadi kitalu. Ni mti wa asili wa mashariki ya Marekani, kutoka Maine hadi Florida. Majani yake hung'aa kama yaliyopakwa mafuta, na huanza kugeuka mapema, kwanza manjano na chungwa kwenye tawi hili, kisha wekundu mzito hadi zambarau kwenye lile, mpaka kwa siku kadhaa mti mmoja unabeba rangi zote. Unavumilia maji yaliyotuama na unavumilia ukame wa wastani. Matunda yake madogo ya bluu huliwa na ndege. Haukimbilii juu, kwa hiyo haumtishi jirani. Kinachoufanya usijae mitaani ni mzizi wake mkuu, unaochukia kuhamishwa: ununuliwe ukiwa mdogo, ndani ya chungu, upandwe majira ya kuchipua, na mwenyewe awe na subira ya miaka mitatu minne kabla haujaonyesha uso. Katika nchi ambayo watu huhama nyumba mara kwa mara, subira hiyo ni adimu, na nafikiri hilo, kuliko kasoro yoyote ya mti, ndilo linalowafanya wauzaji wasiusukume.

Kwa ua mdogo, au chini ya nyaya za umeme, mti mdogo uitwao Amelanchier unatosha. Haupiti sana mita 8. Aprili una maua meupe, Juni una matunda ya zambarau yanayolika (watoto na ndege watagombea), na Oktoba majani yake ni chungwa na wekundu. Miti yenye zawadi tatu kwa mwaka ni michache. Unavumilia baridi ya Minnesota bila kulalamika.

Mwaloni mwekundu na ule mwekundu-damu huchelewa. Mepo ukiwa umeshamaliza, mwaloni ndipo unaanza, kwa rangi ya divai na shaba, na majani mengine makavu hung'ang'ania matawini hadi karibu na Machi. Anayetaka shangwe ya wiki moja ataona ni mzito. Lakini Doug Tallamy wa Chuo Kikuu cha Delaware amekuwa akirudia hesabu moja kwa miaka mingi: katika eneo lake, mialoni huwalisha viwavi wa zaidi ya spishi 500 za vipepeo na nondo, na viwavi ndicho chakula ambacho ndege wengi hukileta kiotani kwa makinda. Mwenye nafasi ya mita 15 kila upande asipande kitu kingine kabla ya kuufikiria mwaloni. Asiye na nafasi hiyo asijaribu.

Ginko ni kinyume chake. Ulitoka China, na wadudu wa Marekani karibu hawauli, jambo linalomfurahisha mwenye bustani nadhifu na kumwacha ndege na njaa. Manjano yake ni safi kuliko ya mti wowote, na mara nyingi baada ya usiku mmoja wa baridi kali majani yote huanguka kwa siku moja, kazi ya kufagia ikaisha hapohapo. Unavumilia moshi, lami na chumvi. Baadhi ya ginko zilizokuwa karibu na mlipuko wa bomu la Hiroshima mwaka 1945 zilichipua tena na ziko hai. Sharti moja tu: ununue dume aliyebebeshwa. Jike huangusha mbegu zenye nyama inayonuka kama matapishi, na mche wa mbegu hauonyeshi jinsia yake mpaka umri wa miaka 20 au zaidi, wakati huo wewe na jirani mmeshazoeana na sasa mnaanza kukosana.

Mingine niipitie haraka. Likwidamba una jani la nyota na rangi tano kwa mti mmoja, lakini huangusha vitufe vya miiba vinavyotegua vifundo vya miguu, na Minnesota hauwezi baridi. Mepo wa Kijapani ni wa kupendeza Ohio, karibu na baraza, palipokingwa upepo. Minneapolis ni kuutesa. Aspeni hauishi mmoja: mizizi yake huchipua machipukizi kila upande, na kule Utah msitu mzima wa aspeni wenye eneo la hekta 43 hivi ni mmea mmoja wenye mzizi mmoja. Uache mlimani. Tamaraki ni jamii ya misonobari, lakini sindano zake hugeuka dhahabu na kupukutika; mwenye kona ya kinamasi huko kaskazini asiulize zaidi.

Jinsi ya kujua baridi ipi mti unaistahimili ni rahisi. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina ramani ya kanda 13 kulingana na wastani wa baridi kali kuliko zote ya kila mwaka, na vibandiko vingi vya miche vina namba ya kanda. Ramani hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023, na karibu nusu ya nchi ikasogezwa nusu kanda kuelekea kwenye joto. Wapo waliofurahia na kuanza kupanda miti ya kusini. Wastani hautoi kinga: usiku mmoja tu wa nyuzi 30 chini ya sifuri unatosha kuua mti uliolelewa miaka tisa. Ningependa kusalia na namba ya zamani.

Kuna mti mmoja wa kukataa hata ukitolewa bure. Mpeasi wa Callery, maarufu kwa jina la Bradford, ulitoka China, na Wizara ya Kilimo yenyewe ndiyo iliyousambaza kwa bustani za nyumbani katika miaka ya 1960. Maua meupe Aprili, zambarau nyekundu Novemba, umbo kama yai. Ulionekana hauna dosari, tena uliaminika hauzai. Kweli haukuweza kujichavusha. Zikaja aina nyingine za mti huohuo, nyuki wakazichanganya, ndege wakazimwaga mbegu, na leo kando ya barabara kuu za Ohio kuna vichaka vya mipeasi yenye miiba ambayo hakuna aliyeipanda. Matawi ya ile ya mwanzo nayo hupasuka katikati ikifika miaka 20 hivi. Ohio ilipiga marufuku kuiuza mwaka 2023, Pennsylvania na South Carolina zikafuata mwaka 2024. Massachusetts na New Hampshire zimekataza pia mepo wa Norway, unaotambulika kirahisi kwa kubaki kijani wakati mepo ya asili imeshapukutisha, na kile kichaka cha Euonymus alatus kinachowaka waridi kali mbele ya kila benki. Marufuku ya jimbo moja haivuki mpaka, kwa hiyo bado utaikuta dukani na kwenye intaneti.

Kuhusu mahali, mambo machache yanatosha. Kipande cha nyasi kati ya njia ya miguu na barabara kwa kawaida kiko chini ya manispaa, hata kama wewe ndiye unayekifyeka, kwa hiyo omba kibali. Mierebi na mepo wa fedha huzifuata nyufa za mabomba ya maji taka, basi zikae mbali nayo. Upande wa magharibi wa nyumba ndio unaofaidika zaidi na kivuli cha saa za alasiri mwezi Julai. Na udongo upimwe: ofisi za ugani za vyuo vikuu vya majimbo hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo. Sehemu nyingi za katikati ya Ohio zina udongo wa chokaa, na humo mepo mwekundu hukosa madini ya manganizi. Majani hupauka yakawa manjano tangu Julai, na Oktoba hakuna cha kusubiri. Jirani mwenye mepo wa namna hiyo ni kipimo cha udongo kisicho na malipo.

Kabla ya jembe kugusa ardhi, pigia namba 811 siku chache mapema. Ni bure kote Marekani, nao watakuja kupulizia rangi pale zilipo nyaya na mabomba ya gesi. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya mzizi, lisiwe na kina kupita mzizi wenyewe. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi paonekane juu ya ardhi. Matandazo ya vipande vya mbao yatandazwe kwa upana yasiguse shina. Ile chungu ya matandazo kama kichuguu, ambayo wafanyakazi wa bustani huirundika kuzunguka kila mti wa maduka makubwa, huozesha gome. Mwagilia maji kwa kina kila wiki mpaka ardhi igande, kwa miaka miwili au mitatu. Usiudharau mche mdogo: mti huhitaji takriban mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wa shina ili kushika udongo, hivyo mdogo mara nyingi huupita mkubwa ulionunuliwa kwa bei ya pikipiki. Gome changa lizungushiwe wavu wa chuma kabla ya theluji, kwa kuwa sungura wenye njaa Februari hulibandua hadi kuua.

Na majani yakishaanguka? Miji mingi hutaka yafungwe kwenye mifuko ya karatasi au yasogezwe kando ya barabara, na tarehe za kuyachukua hutangazwa. Si lazima yote yaende huko. Ya kwenye nyasi yapitishe mashine ya kukatia nyasi, yatasagika na kuwa mbolea. Ya chini ya mti wenyewe yaache, kwa sababu nondo wengi ambao viwavi wao hula mwaloni huo hukaa majira ya baridi humo ndani wakingoja kugeuka nondo kamili, na wengine hutoka mwezi Mei.